Gramu 454: Kuanza Mapambano ya Roboti Ndogo kwa Seti ya Vipuri

Swali la kwanza ambalo karibu kila mgeni wangu huuliza akiiona roboti iliyo juu ya meza ni hili: ina silaha gani? Ni swali linaloeleweka, kwa sababu wengi waliujua mchezo huu wa kupambanisha roboti kupitia televisheni, ambako cheche huruka na vipande vya chuma hugonga kuta za ulingo. Hata hivyo, anayetaka kuunda roboti yake ya kwanza akianza na swali hilo atapoteza miezi na fedha, kwa maana silaha ndiyo sehemu inayoamuliwa mwisho. Cha kwanza ni uzito. Kila kitu kingine, kuanzia ukubwa wa betri hadi unene wa skrubu, hutokana na namba moja ambayo mwandalizi wa mashindano ataisoma kwenye mizani kabla hajakuruhusu kuukaribia ulingo. Nakusudia kueleza jinsi namba hiyo inavyotawala kazi yote, na kwa nini seti ya vipuri ya wanaoanza, ambayo baadhi ya watu huidharau kama njia ya mkato, ndiyo mwalimu bora wa hesabu hiyo.

Mchezo wenyewe una umri. Mwaka 1987 wapenzi wa hadithi za kisayansi mjini Denver, Marekani, walipambanisha mashine ndogo katika shindano lililoitwa Critter Crunch. Mwaka 1994 Marc Thorpe aliandaa Robot Wars mjini San Francisco, na kuanzia 1998 BBC ikaupeleka mchezo huo kwenye televisheni ya Uingereza kwa jina hilohilo. BattleBots ikafuata nchini Marekani. Roboti kubwa za BattleBots hufikia pauni 250, yaani takriban kilo 113, na hata kuisafirisha moja tu kunahitaji gari na watu wa kuibeba. Mtu wa kawaida hawezi kuanzia huko wala hahitaji kuanzia huko, ndiyo maana pametokea madaraja madogo yenye majina ya wadudu, kama daraja la sisimizi na daraja la mbawakawa, ambayo roboti zake huundwa juu ya meza ya kulia chakula na kubebwa ndani ya mkoba wa shule.

Majina hayo yana mtego. Nchini Marekani roboti ya daraja la sisimizi haipaswi kuzidi pauni 1, yaani gramu 454. Nchini Uingereza daraja lenye jina hilohilo lina kikomo cha gramu 150, na tena roboti inatakiwa itoshee ndani ya mchemraba wa inchi 4 kabla ya pambano kuanza. Mbawakawa wa Marekani ana pauni 3, ambazo ni gramu 1,361, ilhali wa Uingereza ana kilo 1.5. Mtu wa Nairobi anayeagiza seti moja kutoka upande mmoja wa bahari na silaha ya ziada kutoka upande wa pili anaweza kujikuta na vipuri vinavyoitwa kwa jina moja lakini haviwezi kukaa pamoja hata kidogo. Kwa hiyo soma gramu, usisome jina.

Kwa anayeanza, mimi hupendekeza gramu 454 bila kusita. Roboti ya gramu 150 ni ya bei nafuu, lakini inadai mikono ya fundi wa saa, kwa kuwa kila waya na kila skrubu inapigania nafasi. Ile ya zaidi ya kilo moja ina nguvu ya kumjeruhi mtu vibaya, na mapigo yake huharibu vipuri vya bei ghali. Kati ya hizo mbili, gramu 454 zinampa mwanafunzi nafasi ya kukosea na kurekebisha.

Kilichomo ndani ya seti

Seti nyingi za daraja hili zina viungo vilevile, hata kama sura zinatofautiana. Kuna chasisi iliyokatwa tayari, mota mbili au nne zenye gia, magurudumu, vidhibiti vya mwendo, kipokezi cha mawimbi, betri au nafasi yake, swichi, na kabari ya mbele, yaani bamba la mteremko linaloingia chini ya adui. Viper, inayouzwa na kampuni ya FingerTech ya Kanada, ni mfano unaofahamika: kiini chake ni chasisi na mwendo, kisha mtu anaweza kuongeza silaha mbalimbali juu ya kiini hicho. Mpangilio huo una hekima kubwa, kwa sababu unamlazimu mwanafunzi kuwa na kitu kinachotembea kabla hajafikiria kitu kinachopiga.

Njia inayopitwa na amri ya dereva inafaa kueleweka mapema, kwa kuwa hitilafu nyingi zitatokea mahali fulani kwenye njia hiyo. Kidole kinasukuma kijiti cha rimoti, na rimoti inatuma mawimbi ya masafa ya gigahezi 2.4. Kipokezi kilicho ndani ya roboti, ambacho kimeoanishwa na rimoti hiyo pekee, kinayapokea na kuyatafsiri kuwa ishara ndogo za umeme. Ishara hizo haziwezi kuzungusha mota, kwa maana ni dhaifu mno. Kazi yake ni kukieleza kidhibiti cha mwendo ni umeme kiasi gani kiruhusu kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota, na kwa upande gani. Mara nyingi kidhibiti hichohicho pia hupunguza umeme wa betri hadi volti 5 ili kukilisha kipokezi. Kwa hiyo roboti ikikataa kuwaka, usianze kulaumu mota. Angalia kama taa ya kipokezi inawaka. Isipowaka, tatizo liko kwenye betri, swichi, au kidhibiti, na ikiwaka na kupepesa, huenda kipokezi hakijaoanishwa na rimoti.

Roboti hizi hazina usukani. Hukata kona kama trekta la minyororo: magurudumu ya kushoto yakienda mbele na ya kulia yakirudi nyuma, roboti hujigeuza palepale iliposimama. Ili kijiti kimoja kiweze kuendesha pande mbili, rimoti huchanganya amri ya mbele na nyuma pamoja na ile ya kushoto na kulia, na mchanganyiko huo huwekwa kwenye mipangilio ya rimoti au ndani ya kidhibiti chenyewe. Kosa la kawaida ni kuuweka mahali pote pawili, na matokeo yake roboti inaendeshwa kama imelewa. Upande mmoja ukizunguka kinyume, badilisha nafasi za waya mbili za mota hiyo, na jambo limekwisha.

Kuna jaribio moja ambalo sharti lifanywe kabla ya mengine yote. Weka roboti juu ya kitabu ili magurudumu yaelee hewani, yazungushe kwa rimoti, kisha zima rimoti ghafla. Magurudumu lazima yasimame mara moja. Yakiendelea kuzunguka, kipokezi hakijapangwa kusimamisha kila kitu mawasiliano yanapokatika, na roboti ya namna hiyo haitakubaliwa katika shindano lolote lenye wasimamizi makini. Haipaswi kukubaliwa hata sebuleni kwako.

Bajeti ya gramu

Hapa ndipo moyo wa jambo. Nina daftari ambamo niliandika uzito wa kila kipande cha roboti yangu ya kwanza, nikikipima kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mota mbili za mwendo pamoja na magurudumu yake zilichukua gramu 90, betri 35, kipokezi na vidhibiti 25, na nyaya, swichi na taa 20. Chasisi na skrubu zake zilikuwa 120. Jumla ni 290, na zimebaki 164. Nikatenga 130 kwa ajili ya kabari ya chuma, zikasalia 34 ambazo niliziacha makusudi, kwa sababu risasi ya kulehemu, gundi, mkanda na skrubu zilizosahaulika huwa na uzito ambao hakuna anayeukumbuka mpaka siku ya mizani.

Sasa chukua hesabu hiyohiyo, uondoe kabari, na ujaribu kuweka upanga unaozunguka. Mota ya silaha ikiwa na gramu 45, kidhibiti chake 10, na upanga wenyewe 100, umekwisha kutumia 155. Zimebaki gramu 9 za beringi, mhimili, mkanda wa kuzungushia na vishikizo vyake vyote, na gramu 9 hazitoshi hata kidogo. Itabidi upunguze chasisi au upunguze betri, na chasisi hiyo uliyoipunguza ndiyo itakayobeba mapigo ya silaha yako mwenyewe, kwa maana nguvu inayomrusha adui inakurudia kwa kiasi kilekile. Mtu aliyeanza na silaha hugundua jambo hili baada ya kununua kila kitu. Mwenye seti hukuta hesabu imefanywa na mtu mwingine aliyevunja roboti nyingi kabla ya kuipata, na anachohitaji kufanya ni kuisoma kwa makini na kujiuliza kila gramu imewekwa pale kwa sababu gani.

Uchaguzi wa malighafi ni sura nyingine ya hesabu hiyo. Kipande cha mraba cha sentimita 10 kwa 10 chenye unene wa milimita 3 kikiwa cha plastiki ya polithini nzito kina takriban gramu 29. Kikiwa cha alumini kina 81. Kikiwa cha chuma kina zaidi ya 235, yaani nusu ya roboti nzima imekwisha katika kibao kimoja. Ndiyo maana roboti nyingi za daraja hili zina mwili wa plastiki, na chuma huwekwa pale tu kinapogusana na adui. Plastiki nzuri kwa kazi hii haihitaji kuagizwa mbali: ubao mweupe wa kukatia mboga unaouzwa katika maduka makubwa mara nyingi ni polithini nzito, hukatwa kwa msumeno wa mkono, hutobolewa kwa dirili ya kawaida, na ukigongwa hubonyea badala ya kupasuka. Polikaboneti nayo ni imara na inapenyeza mwanga. Akriliki inafanana nayo machoni lakini huvunjika vipande vyenye makali kama kioo, na haina nafasi katika roboti wala katika ukuta wa ulingo.

Kabari yangu ilitoka Kamukunji, eneo la mafundi wa bati na chuma hapa Nairobi. Nilifika asubuhi, nyundo zikiwa zimekwisha kuanza kazi kila upande, nikiwa na mchoro kwenye karatasi ya daftari. Fundi aliyenipokea, mzee wa majiko na masanduku ya bati, aliugeuza mchoro mara mbili.

"Kijana, hii ni ya kuchotea nini?"

"Ni ya roboti, mzee. Inapita chini ya mwenzake na kumnyanyua."

Aliupitisha ukucha wake kwenye mstari wa ukingo wa juu. "Basi ukingo huu usiuache mnyoofu hivi. Bati likigongwa katikati litajikunja kama karatasi. Tulikunje pembeni kidogo, lipate mgongo."

Alilikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli, upande mmoja kisha wa pili, kila mkunjo ukiwa mpana kama ukucha wa kidole gumba. Bati lilikuwa la milimita 1.2, sentimita 10 kwa 12 kabla ya kukunjwa, na nyumbani mizani ilisoma gramu 113. Hakuongeza hata gramu moja ya chuma, ila lile bati ambalo nilikuwa nikilipinda kwa vidole viwili sikuweza tena kulipinda kwa mikono yote. Wahandisi wana maneno yao ya kueleza jinsi umbo linavyoongeza ukakamavu, na ni elimu ya kweli, lakini mtu anayeanza mchezo huu Nairobi ana bahati ya kuweza kuipata ikiwa imekaa ndani ya mikono ya watu wanaoitumia kila siku.

Mambo ya betri

Kipengele hiki nitakieleza polepole, kwa kuwa ndicho chenye hatari inayokaa ndani ya nyumba hata roboti ikiwa imezimwa. Betri za roboti hizi ni za lithiamu polima. Kila seli yake ikijaa huwa na volti 4.2, haipaswi kushuka chini ya volti 3.0, na inapohifadhiwa kwa siku nyingi inapendelea kukaa karibu na 3.8. Betri ya seli mbili huandikwa volti 7.4, ya seli tatu 11.1.

Ukubwa wake unakokotolewa kwa muda wa pambano. Pambano la kawaida ni dakika 3. Roboti ikitumia wastani wa ampea 5 kwa muda huo, imetumia miliampea-saa 250, hivyo betri ya 450 inatosha na kubakiza akiba, na kuweka kubwa zaidi ni kubeba uzito ambao ungeweza kuwa chuma cha kabari. Umeme mwingi zaidi hutumika pale mota inapokwama, kwa mfano roboti mbili zinaposukumana uso kwa uso, na ndipo vidhibiti dhaifu huungua. Dereva mzuri hulegeza kidole akihisi amekwama, kisha hurudi kutoka pembe nyingine.

Chaja lazima iwe ya kusawazisha seli, yaani inayozijaza zote kwa usawa, na mkondo wa kuchaji usizidi uwezo wa betri uliogawanywa kwa saa moja, isipokuwa kama mtengenezaji ameruhusu: betri ya miliampea-saa 450 huchajiwa kwa ampea 0.45. Chaji ukiwa macho na ukiwa pale pale, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, mbali na pazia, kochi na kitanda. Katika nyumba zetu za ghorofa, ambako chumba kimoja mara nyingi ni sebule, jiko na karakana, nimeona ni afadhali kuchaji karibu na mlango wa roshani, ndoo ya mchanga ikiwa kando. Betri ikifura kama mto mdogo, kazi yake imekwisha hata kama bado inatoa umeme. Usiitoboe, usiibane, usiitupe katika taka za nyumbani. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre iliyopo hapa Nairobi.

Betri pia ndiyo inayotatiza uagizaji. Wasafirishaji wengi wa mizigo ya ndege huweka masharti makali juu ya betri za lithiamu, kwa hiyo seti nyingi huja bila betri. Msafiri anaruhusiwa kwa kawaida kubeba ndogo ndani ya mkoba wa mkononi iwapo haizidi saa-wati 100, na hii yetu ya volti 7.4 ina saa-wati 3.3 tu, ila haifai kuwekwa ndani ya begi linaloingia tumboni mwa ndege. Njia rahisi zaidi ni kuitafuta kwa wauza vipuri vya droni na magari ya rimoti waliopo mjini. Kwa sehemu nyingine za seti, unapopiga hesabu ya bei usisahau nauli ya mzigo, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kwa maana bei ya tovuti si bei ya kuifikisha sebuleni kwako. Waya, viunganishi, risasi na kifaa cha kulehemu havina haja ya kuvuka bahari. Barabara ya Luthuli na vichochoro vinavyoizunguka vina maduka ya kutosha ya vifaa hivyo, na kwa anayetaka kuchapa kipande cha plastiki kutoka kwenye mchoro wa kompyuta, mji una karakana za wabunifu kama Gearbox.

Kuendesha

Mota yenye mizunguko 500 kwa dakika ikizungusha gurudumu la milimita 50 inaipa roboti mwendo wa mita 1.3 kwa sekunde. Ukichagua mota ya mizunguko 1,000 utapata mita 2.6, lakini nguvu ya kusukuma itapungua takriban nusu, kwa sababu gia hutoa kasi kwa kuchukua nguvu. Wanaoanza hupenda kasi. Ukweli ni kwamba katika ulingo mdogo roboti yenye kasi kupita uwezo wa dereva hujigonga ukutani yenyewe, na ningemshauri mgeni aridhike na ile ya polepole kwa miezi ya mwanzo.

Mazoezi yake hayahitaji ulingo maalumu maadamu roboti haina silaha inayozunguka. Panga chupa mbili za maji sakafuni na uzungushe roboti kwa umbo la nane. Ukishaweza, rudia roboti ikiwa inakuja upande wako, kwa maana hapo kushoto kwako ni kulia kwake, na hilo ndilo linalowachanganya hata watu wazima wenye leseni ya gari. Kisha mpe mtoto wa nyumbani kopo alisukume kwa fimbo, nawe ujaribu kuliwahi kwa kabari kutoka ubavuni. Hakuna kifaa kinachonunuliwa kinacholeta ushindi kuliko saa ishirini za zoezi hilo.

Sababu yake iko katika sheria. Roboti ikishindwa kusogea, mwamuzi huhesabu, kwa kawaida hadi 10, na pambano limekwisha. Dakika 3 zikiisha bila kuangushwa mtu, waamuzi hutazama mambo kama uharibifu, umahiri wa kudhibiti pambano, na ari ya kushambulia. Kabari yenye dereva hodari inaweza kupata alama katika mawili kati ya hayo bila kupiga pigo hata moja, na ukingo wake ukiwa unaikwaruza sakafu, upanga wa adui utakutana na mteremko unaolielekeza pigo juu badala ya ukuta unaolipokea. Baada ya kila pambano kaza skrubu zote upya. Mtikisiko huzilegeza, na nati zenye pete ya nailoni ndani yake ndizo zinazovumilia. Nimewahi kupoteza gurudumu katikati ya zoezi kwa skrubu moja ambayo niliiona imelegea jioni iliyotangulia na nikasema nitaikaza kesho.

Silaha inayozunguka

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali la mgeni. Silaha za mchezo huu ni nyingi: zipo za kunyanyua, za kurusha, za nyundo, lakini zinazotawala ni zile zinazozunguka, iwe ni upanga wa mlalo, diski ya wima, au pipa lenye meno. Zote hutumia kanuni moja ambayo mtoto aliyewahi kuchezesha pia, kile kichezeo kinachozunguka juu ya ncha yake, anaifahamu. Mota ndogo haina nguvu ya kupiga kwa kishindo, lakini ikipewa sekunde kadhaa inaweza kukusanya nishati kidogo kidogo ndani ya chuma kinachozunguka, na nishati yote hiyo ikatoka kwa mara moja jino linapomgusa adui.

Chukua upanga wa gramu 100 wenye urefu wa sentimita 12, unaozunguka mara 10,000 kwa dakika. Nishati iliyomo ni takriban jouli 66, ambayo ni sawa na pakiti ya unga wa kilo 2 iliyoangushwa kutoka urefu wa zaidi ya mita 3, ila imekusanywa kwenye ncha ya jino moja. Ncha hiyo inakwenda kilomita 226 kwa saa. Kasi ikipungua nusu, nishati haipungui nusu. Inabaki robo, kwa kuwa inafuata kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo inaonekana kana kwamba kuzungusha kwa kasi zaidi ni bora siku zote.

Si hivyo, na hili ndilo fundo ambalo wengi huchelewa kulifungua. Upanga wenye meno mawili ukizunguka mara 10,000 kwa dakika hupitisha jino mara 333 kila sekunde. Roboti ikimkaribia adui kwa mita 2 kwa sekunde, kati ya jino moja na linalofuata inasogea milimita 6 tu, na hicho ndicho kina cha juu kabisa ambacho jino linaweza kuuma. Ongeza mizunguko, na jino litakuwa linakwaruza tu uso wa adui bila kumshika, likipiga kelele na kutoa cheche za kupendeza. Ondoa jino moja na usawazishe upanga kwa uzito upande wa pili, na kina kinakuwa milimita 12. Ndiyo maana utaona silaha nyingi nzuri zina jino moja, na ndiyo maana pia dereva anayejua kukimbilia adui kwa kasi huuma zaidi kuliko anayesubiri. Tumerudi palepale kwenye kuendesha.

Silaha ya wima ina tabia nyingine ya kujifunza. Inapozunguka kwa kasi hukataa kubadilishiwa mwelekeo, kama gurudumu la baiskeli linalozunguka unapolishika mhimili na kujaribu kuligeuza, hivyo roboti ikikata kona ghafla upande mmoja hunyanyuka kutoka sakafuni. Anayeendesha hujifunza kugeuka taratibu, au mbunifu hupanua umbali kati ya magurudumu.

Silaha ya namna hii haiwashwi kamwe nje ya ulingo uliofungwa pande zote pamoja na juu, wenye kuta za polikaboneti zilizopimwa kwa daraja husika. Haiwashwi sebuleni kwa sekunde moja, haiwashwi uani watoto wakiwa mbali, haiwashwi ili kumpigia rafiki picha. Nje ya ulingo hufungwa kwa pini ya chuma inayopita ndani ya silaha na kuishikilia kwenye chasisi, na taa ndogo juu ya roboti humwonyesha kila aliye karibu kwamba umeme unapita. Kwenye ulingo utaratibu huwa hivi: roboti inawekwa sakafuni ikiwa imefungwa, rimoti inawashwa kwanza, kisha swichi ya roboti, dereva anahakikisha taa inawaka na magurudumu yanatii, ndipo anachomoa pini, anautoa mkono wake, na mlango unafungwa. Pambano likiisha, silaha inaachwa isimame kabisa. Sheria za SPARC, kundi linalotunga taratibu za mapambano ya roboti, ambazo mashindano mengi madogo huzifuata, zinadai isimame ndani ya sekunde 60 baada ya umeme kukatwa. Mlango ukifunguliwa, kitu cha kwanza kuingia ni mkono wenye pini. Swichi ya roboti hufuata, na rimoti ndiyo inayozimwa mwisho.